Fahamu: Kromosomu Y inasema nini kuhusu asili ya Waswahili?

Kromosomu Y humfikia mwana wa kiume kutoka kwa baba pekee, karibu bila kubadilika, hivyo hufichua ukoo wa kuumeni. Utafiti uliochapishwa mwaka 2023 katika jarida la Nature ulichunguza mabaki ya watu 80, wengi wao wa miji ya kale ya pwani kama Mtwapa, Manda na Kilwa. Kwa wengi, kuumeni kulielekea Uajemi, kukeni, Afrika. Je, basi ustaarabu wa Waswahili uliletwa na wageni? La hasha! Mchanganyiko huo ulianza karibu mwaka 1000, ilhali Shanga, mji wa kale kisiwani Pate, ilikaliwa tangu karne ya 8, na lugha yenyewe ni ya Kibantu. Tena, ukirudi vizazi kumi una nafasi 1,024 za wahenga. Kromosomu Y humtaja mmoja tu. Anayeitumia kuwakana mama zake wa Kiafrika anapotosha ushahidi.