Kofia ya Pili: Historia ya Kampuni ya Bodaboda ya Kampala

Bodaboda si jambo geni katika Afrika Mashariki. Asili yake ni Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, ambako tangu miaka ya 1960 vijana wenye baiskeli walivusha abiria na mizigo kati ya vituo viwili vya forodha. Jina lenyewe limetokana na neno la Kiingereza lenye maana ya mpaka, ambalo vijana hao walilirudia kwa sauti ili kuwaita wateja. Baadaye pikipiki zilichukua nafasi ya baiskeli. Mwendo uliongezeka, na ajali nazo zikaongezeka.

Jijini Kampala kazi hiyo imewapatia vijana wengi riziki, lakini pia imeacha walemavu, wajane na yatima. Kwa miaka mingi abiria alipanda kichwa wazi. Nauli ilipatikana baada ya mabishano, na mama aliyempakia mwanawe kwenda shule hakuwa na njia ya kumjua aliyemkabidhi roho ya mtoto huyo.

Mwaka 2014 Ricky Rapa Thomson, ambaye mwenyewe alikuwa mwendesha bodaboda, aliungana na Alastair Sussock na Maxime Dieudonné kuanzisha kampuni ya SafeBoda. Waendeshaji walifundishwa sheria za barabarani na huduma ya kwanza. Walipewa vizibao vya rangi ya chungwa vinavyoakisi mwanga, na kofia ngumu mbili: ya kwanza yao, ya pili ya abiria. Mteja aliyeita pikipiki kwa simu ya mkononi aliliona jina la mwendeshaji na kuijua nauli kabla ya kuondoka.

Kofia hiyo ya pili si pambo. Uchambuzi wa tafiti za nchi mbalimbali, uliotolewa mwaka 2008, ulionyesha kwamba kofia ngumu humpunguzia mpanda pikipiki hatari ya kufa kwa asilimia 42 hivi, na hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 69.

Mafanikio hayo yaliwavuta washindani. Mwaka 2018 kampuni za Uber na Taxify, ambayo sasa ni Bolt, zilianza nazo kuita bodaboda jijini humo. Mwaka huohuo SafeBoda ilivuka mpaka na kuingia Nairobi. Mwaka 2020 ilifika Ibadan, nchini Nigeria.

Ndipo ugonjwa wa Korona ulipozuka. Mwezi Machi 2020 Serikali ya Uganda ilipiga marufuku bodaboda kubeba abiria, na ruhusa haikurudi hadi mwishoni mwa Julai. Katika miezi hiyo waendeshaji wa SafeBoda walichukua vyakula kutoka kwa wachuuzi wa masoko ya Kampala na kuvipeleka majumbani. Hivyo mwendeshaji alipata chochote, na mchuuzi hakuozewa na nyanya zake. Nairobi mambo yalikuwa magumu zaidi, na Novemba 2020 kampuni ilifunga shughuli zake huko.

Kampuni huweza kufungua na kufunga milango, lakini somo la kofia ya pili halimhitaji mwenye kampuni. Kila abiria anaweza kuidai kabla ya kupanda, na kila mzazi anaweza kukataa kumpakia mwanawe pasipo nayo.