Hapana na ha-: Jamii na Ukanushi katika Kiswahili

Mwaka 1917 Otto Jespersen alionyesha jinsi Kiingereza kilivyoacha kikanushi ne kilichotangulia kitenzi, kikapitia hatua ya vikanushi viwili, hatimaye kikabaki na not. Jamii nayo ilikuwa na mkono wake humo: wanasarufi wa karne ya 18, Robert Lowth miongoni mwao, walifundisha kuwa vikanushi viwili hufutana, ingawa watu wengi hawajaacha kuvitumia hadi leo.

Kiswahili kina kisa chake, nacho kimo katika neno hapana. Kwa umbo ni ha-pa-na, yaani mahali fulani hapana kitu: hapana maji kisimani. Likawa pia jibu la kukataa. Katika mashamba ya walowezi wa Kenya likageuka kikanushi cha kila kitenzi: mimi hapana taka, badala ya sitaki. Nafsi na njeo zikadondoka. Mlowezi alijifunza lugha ya kuamuru tu, na mtumishi, hata aliyeijua sarufi nzima, alimjibu kwa ile aliyoweza kusikilizwa nayo.

Kalemie (Albertville hadi 1966) mambo yalikwenda vingine. Misafara ya karne ya 19 ilivusha Kiswahili kutoka Ujiji hadi Mtowa. Reli ya mwaka 1915 ikakikutanisha na wafanyakazi wa makabila mengi. Lakini Watabwa na Waluba, ambao lugha zao nazo hukanusha kwa kiambishi, hawakukitumia kwa bwana peke yake. Walikisema wao kwa wao, sokoni na nyumbani. Kiambishi hakikufa, kilivaa vazi la kienyeji: hawasemi ikawa habasemi. Nayo "mimi si mwalimu" ikawa mimi siko mwalimu. Ajabu ni kwamba hapa pia mofimu ya mahali, -ko, imeingia katika ukanushi, kama pa ya hapana. Ila nafsi imesalia: siko, hatuko.

Tofauti hiyo haionekani darasani. Tangu mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulipochagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, maumbo yote mengine huwekwa kapu moja. Mwanafunzi aandikaye siko mwalimu huambiwa kwamba amevunja lugha, sawa na aliyeandika hapana taka, ilhali umbo la kwanza lina sarufi kamili na wenyewe wanaolirithisha kwa watoto wao.