Ukingo wa nyuma: fundi wa Keko na hewa ya nyumba mpya

Kabati lilikuwa limelazwa kifudifudi juu ya meza ya kazi. Fundi alikuwa akipitisha pasi ya moto juu ya mkanda mwembamba, akiugandisha kwenye ukingo wa nyuma wa bodi, ukingo ambao kabati likishafungwa ukutani hautaonekana tena na mtu yeyote mpaka siku jiko litakapovunjwa. Alipoumaliza akageukia ule wa chini, unaokaa sentimita chache juu ya sakafu. Kisha akachukua brashi ndogo na kopo la vanishi, akaanza kupaka ndani ya matundu ya bawaba, moja baada ya jingine, bila haraka.

Nilikuwa nimekwenda Keko, Dar es Salaam, kwa habari ya bei ya mbao. Nikaiweka kando.

"Shikamoo mzee. Huko nyuma nani ataona?"

"Marahaba, mwanangu. Hakuna atakayeona. Pua ndiyo itakayojua."

Aliniomba nisimtaje jina, na sababu yake ni nzito. Zipo nyumba Mbezi, Tabata na Kigamboni alizozifungia makabati kabla hajajua anachokijua leo, na hataki wenye nyumba hizo wakutane na jina lake gazetini kabla yeye mwenyewe hajapata la kuwaambia.

Useremala alifundishwa na mjomba wake, enzi ambazo kabati lilikuwa mninga au mkongo. Bodi za MDF na chipubodi zilipoingia alizipokea kwa furaha kama mafundi wenzake. Hazina vifundo, zinakuja na rangi yake, na jiko zima linakatwa na kufungwa ndani ya wiki. "Mninga unakulazimisha uungoje ukauke," anasema. "Bodi haikungojeshi. Wote tukahamia huko."

Kilichomgeuza ni mlango uliokuwa ukikwaruza. Mteja mmoja, mama mwenye mtoto mchanga, alimwita arekebishe kabati la nguo alilomfungia wiki chache nyuma, katika chumba kipya chenye kiyoyozi.

"Nilipofungua ule mlango, macho yakajaa machozi. Nikadhani vumbi. Nikatoka nje, yakakauka. Nikarudi, yakajaa tena. Mama akaniambia, 'Fundi, sisi tumeshazoea, ni upya tu huo, utaisha.' Nikamtazama mtoto pale kitandani. Mlango niliuchonga, nikapokea hela yangu, nikaondoka. Usiku sikulala."

Binti yake anafundisha kemia sekondari. Mzee alichukua kipande cha bodi ileile, akakitia kwenye kopo lenye mfuniko, akaliacha juani mchana kutwa, kisha akampelekea. Binti alifungua, akanusa, akafunga upesi. Akamwambia baba yake kwamba ile ni harufu ya maabara yao, ya zile chupa za kuhifadhia vyura na mijusi.

Ni fomaldehidi. Bodi hizi ni unga na chenga za mti zilizogandishwa kwa gundi, na gundi iliyoenea zaidi, kwa kuwa ni rahisi, hupikwa kwa vitu viwili: yurea, ileile ambayo mkulima huitia kwenye mahindi, na fomaldehidi, ambayo ikiyeyushwa majini ndiyo fomalini ya mochwari. Mwaka 2004 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka fomaldehidi katika kundi la vitu vilivyothibitika kumsababishia binadamu saratani. Hata bila kufika huko inawasha macho, inakereketa koo na kumsumbua mwenye pumu. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2010, lilishauri hewa ya ndani ya nyumba isizidi miligramu 0.1 ya gesi hiyo kwa kila mita ya ujazo, hata kwa nusu saa.

Haya yanasomeka popote. Lililonishika ni ule ukingo, nikamwomba anioneshe.

Alikata kipande cha bodi chenye ukubwa wa kiganja. Uso wake ulikuwa mweupe na laini, umevikwa ngozi ya melamini, na chini ya ngozi hiyo kuna tabaka gumu lililoshindiliwa na mashine ya kiwandani. Kisha akakigeuza ubavu. Katikati pale bodi imelegea. Chenga zinaonekana moja moja, na ukipitisha ukucha zinamomonyoka. Akadondosha tone la maji usoni pa bodi, likakaa juu likimetameta. Akadondosha jingine ubavuni, likazama papo hapo.

"Panapoingia maji ndipo panapotoka hewa," akasema. "Kiwandani wamefunga uso. Mimi na msumeno wangu ndio tunaofungua ubavu. Kila nikikata nafungua. Kila nikitoboa tundu la bawaba nafungua. Tundu la skrubu, tundu la bomba la sinki, tundu la waya wa umeme. Jiko moja lina matundu mangapi? Halafu mafundi wetu wanaziba ukingo wa mbele tu, kwa sababu ndio unaoonwa na mwenye nyumba akija kulipa."

Viwanda vya Ulaya hupima bodi zao ndani ya chumba maalumu, na inayofaulu hugongwa muhuri wa E1. Katika kipimo hicho sehemu ya kingo za kipande huzibwa kwanza, ikaachwa wazi mita moja na nusu tu ya ukingo kwa kila mita moja ya mraba ya uso. Sasa chukua rafu ya kabati la jikoni, sentimita 60 kwa 30. Ikiachwa bila mkanda pande zote nne, ukijumlisha nyuso zake zote mbili, ina mita tano za ukingo ulio wazi kwa kila mita ya mraba. Ni zaidi ya mara tatu ya bodi iliyopewa muhuri. Hesabu hii niliipiga kwenye daftari mbele ya fundi, akalichukua daftari na kulitazama kwa muda.

"Kumbe nilikuwa nakwenda kwa pua tu," akasema, "na hesabu ilikuwepo."

Kuna la pili linalohusu chumba kile cha kupimia, na kwetu sisi wa pwani ndilo zito zaidi. Joto lake ni nyuzi 23 na unyevu asilimia 45. Wamarekani wanapima kwa nyuzi 25 na asilimia 50. Februari ya Dar es Salaam kwa kawaida haishuki hadi nyuzi 23 hata alfajiri, na masika ikianza hata chumvi inalowa mezani. Joto huisukuma gesi itoke. Unyevu unafanya baya zaidi, kwa sababu maji huivunja gundi yenyewe na kuirudisha kuwa fomaldehidi upya, mwaka baada ya mwaka. Watafiti wa Denmark waliliona hilo mapema. Mwaka 1975 Ib Andersen na wenzake walichapisha vipimo vya nyumba 23 zilizojengwa kwa chipubodi, wakakuta wastani wa miligramu 0.62 kwa mita ya ujazo, mara sita ya kiwango kinachoshauriwa leo, na wakaonesha kwamba yanayoamua ni joto, unyevu na kasi ya hewa kubadilika chumbani. Kwa hesabu za wanakemia, kupanda kutoka nyuzi 23 hadi 30 kunaifanya gesi inayotoka iwe karibu mara mbili.

Baada ya kimbunga Katrina cha mwaka 2005, serikali ya Marekani iliwapa waliopoteza makazi nyumba za magurudumu, na watu wakaanza kulalamikia macho, pua na vifua vya watoto wao. Wataalamu wa afya wa serikali walipokuja kupima nyumba 519 kati ya hizo, Desemba 2007 na Januari 2008, walikuta wastani wa sehemu 77 kwa bilioni, takriban pale pale kwenye kikomo cha Shirika la Afya Duniani, na nyingine zikafika 590. Huo ulikuwa msimu wa baridi, na wao wenyewe walionya kwamba kukiwa na joto vipimo vingekuwa juu zaidi. Sheria ya kudhibiti bodi nchi nzima ilipitishwa mwaka 2010. Umoja wa Ulaya umeweka kikomo cha miligramu 0.062 kwa mita ya ujazo, kwa samani na bidhaa za mbao, kuanzia Agosti 2026. Bodi zitakazoshindwa kuingia huko zitauzwa wapi?

Fundi hajui habari za Katrina, na wala hazihitaji. Anachokitaka kwa mteja ni muda. Bodi zikifika karakanani huzipanga zikiwa zimeachanishwa kwa vijiti ili hewa ipite kati yake, na kabati likishaundwa angependa likae bandani wiki tatu, milango wazi, kabla ya kuingia nyumbani. Gesi hutoka kwa wingi zaidi mwanzoni, ingawa haiishi. "Nikimwambia mteja wiki tatu, ananiambia Ijumaa anahamia. Nikimwambia basi hamia lakini usiwashe kiyoyozi, fungua madirisha, ananiambia mbu. Nikimwambia basi walau chumba cha mtoto tuweke mbao za paini, tupake rangi ya maji, hapo wengine wananisikiliza." Paini zake zinatoka Sao Hill, Mufindi. Zina vifundo, zinapinda zisipokaushwa vizuri, na anatumia siku nyingi zaidi kwa malipo yaleyale.

Lakini hata yeye anakiri kwamba ukingo ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni dirisha. Nyumba walizojenga wazazi wetu zilikuwa na matofali ya matundu juu ya kila dirisha, na hewa ilipita usiku kucha bila mtu kuikumbuka. Nyumba mpya zina madirisha ya alumini ya kuteleza, ambayo ukiyafungua yote unapata nusu tu ya dirisha, na matundu ya juu yamezibwa ili ubaridi wa kiyoyozi usitoroke. Japani, ambako watu waliugua kwa wingi ndani ya nyumba mpya zilizobanwa, sheria ya ujenzi ilibadilishwa mwaka 2003: bodi zinapangwa kwa nyota, zenye nyota nne ndizo zinazotumika bila kikomo, na kila nyumba mpya lazima iwe na mtambo unaobadilisha nusu ya hewa ya chumba kila saa. Sisi tulikuwa na matofali ya matundu. Inauma kuona tunalipa fedha kuyaziba.

Gundi nyingine ipo. Profesa Kaichang Li wa Chuo Kikuu cha Oregon State aliwatazama kome walivyoshikilia miamba huku mawimbi yakiwapiga, akatengeneza gundi ya soya isiyotiwa fomaldehidi kabisa. Plaiwudi ya gundi hiyo ilimpatia yeye na viwanda alivyoshirikiana navyo tuzo ya serikali ya Marekani mwaka 2007. Basi kwa nini haifiki Keko? Nilipouliza katika duka moja la bodi bodi zao zina muhuri gani, muuzaji alinijibu kwamba wateja huulizia rangi na unene tu. Labda ni kweli. Mteja hawezi kuulizia asichoambiwa kwamba kipo.

Nilimuuliza fundi kuhusu zile nyumba za zamani. Alikaa kimya, kisha akasema: "Nirudi niwaambie nini? Niwaambie nibomoe jiko walilolilipia? Kuziba naweza. Naweza kupita na vanishi kwenye kila ukingo ninaoufikia. Ile ya nyuma siifikii tena." Kwa yule mama mwenye mtoto alirudi, akaitoa milango, akaziba kila alichoweza, akampa rai ya kuliacha wazi tundu la hewa juu ya dirisha. Fedha hakudai. Kwingine bado hajakwenda.

Kuna lingine ambalo hana jibu lake. Vijana wake wawili wanakata bodi tangu asubuhi, na kinachofunika pua zao ni kitambaa. Kitambaa kinazuia vumbi kubwa. Vumbi laini la MDF linapita, na gesi haijui kama kuna kitambaa. "Mteja namziba nikishakata," akasema. "Anayekata utamziba nini?" Barakoa yenye kichujio cha mkaa amenunua moja. Wanapokezana.

Siku ile bodi nyingine zilikuwa zimeegemea ukutani zikingoja msumeno, na nyingi kati yake zilikuwa za shule ya chekechea: rafu za vitabu, makabati ya mikoba, na meza fupi za watoto wa miaka mitatu na minne. Fundi ameomba wiki tatu za kuyaacha makabati yapumue bandani. Amepewa siku tano, kwa sababu shule inafunguliwa. Nilimpigia simu mwenye shule, akanisikiliza kwa makini, akauliza jambo moja: wiki hizo tatu zitaongeza gharama kiasi gani? Fundi amemjibu kwamba haziongezi hata shilingi, ni kungoja tu. Hadi tunakwenda mitamboni alikuwa bado hajarudishiwa jibu.