"Kuenea" au "Kuhamia"? Istilahi ya Saratani Ifikapo Ubongoni

Maneno "saratani ya ubongo" yaweza kubeba dhana mbili zilizo mbalimbali. Ya kwanza ni saratani iliyoanzia ubongoni kwenyewe. Ya pili ni ile iliyoanzia kwingine, kama vile titini au pafuni, kisha ikafika ubongoni. Tofauti hii si pambo la lugha. Seli za saratani ya titi zilizomo ubongoni hubaki kuwa za saratani ya titi, na daktari huzingatia asili hiyo anapochagua dawa. Mfasiri akiificha asili, humpotosha mgonjwa na jamaa zake.

Kitenzi kilichozoeleka kwa dhana ya pili ni "kuenea". Lakini kuenea ni kama mafuta yaeneavyo katika nguo: hakuna mahali panaporukwa. Je, ndivyo saratani ifikavyo ubongoni? Picha zilizopigwa katika panya wa maabara zatusaidia kujibu.

Mwaka 2006 watafiti wa London, Ontario, nchini Kanada, walitia punje ndogo mno za chuma ndani ya seli za saratani ya titi. Chuma huvuruga nguvu za sumaku; hivyo, katika picha za mashine itumiayo sumaku, seli mojamoja katika ubongo wa panya ilionekana kama nukta nyeusi. Siku zilivyopita, seli nyingi zilitoweka. Chache zilidumu bila kuongezeka. Chache zaidi zilizaa uvimbe.

Mwaka 2010 watafiti wa Munich, Ujerumani, walichapisha kazi nyingine. Waliondoa kipande cha fuvu la panya, wakaweka kioo mahali pake, kisha wakazitazama kwa hadubini ya leza seli za saratani zilizofanywa zing'ae. Seli zile zile zilifuatwa tangu dakika za mwanzo hadi miezi. Zilikwama penye panda za mishipa midogo ya damu, zikapenya ukuta wa mshipa, zikashikamana na mshipa kwa nje, ndipo zikaongezeka. Seli iliyokosa hatua mojawapo haikuunda uvimbe.

Basi, hii ni safari yenye kuondoka, kupita na kufika. Kwa hiyo twapendekeza kitenzi "kuhamia". Shina "hama" hukumbusha mahali palipoachwa, na kauli ya kutendea hudai mahali palipofikiwa. "Kuenea" kubaki kwa uvimbe unaopanuka pale pale ulipo.

Huenda mtu akapinga, akisema kwamba mwenye kuhama huacha nyumba tupu, ilhali uvimbe wa kwanza waweza kubaki. Hoja hiyo ina uzito, lakini jibu lake limo katika picha: zinazohama ni seli, si uvimbe. Nomino "uhamiaji" nayo ina kasoro, kwa kuwa karani aionapo hukumbuka pasipoti. Afadhali kutumia kitenzi.

Kwa hiyo, katika fomu, kitabu cha shule au barua ya hospitali, tusiandike "ana saratani ya ubongo" ikiwa chanzo ni titi. Tuandike: "ana saratani ya titi, na seli zake zimehamia ubongoni." Sentensi hii ni ndefu kidogo, lakini yataja chanzo, kinachohama na kifikio. Wafasiri na walimu waipime katika kazi zao, nasi tutayapokea maoni yao.