Nani Ajue Kwanza?

Kuna ugonjwa umezienea hadithi za mfululizo tunazosoma magazetini na kwenye simu. Msimulizi anatueleza kila kitu, hadi rangi ya pazia na harufu ya manukato ya mgeni, lakini mlango ukifunguliwa anafunga mdomo. Shujaa amemwona aliyesimama pale na amemtambua. Sisi tunaambiwa tusubiri toleo lijalo. Mwandishi ametuficha jambo ambalo mhusika wake analiona waziwazi, na hana sababu nyingine ila kutaka turudi kununua. Huko ni kumhadaa msomaji.

Kuficha kwenyewe si kosa. Tangu Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya ya Muhammed Said Abdulla iliyochapishwa 1960, tumezoea kumfuata mpelelezi Bwana Msa na kiko chake huku rafiki yake Najum akiuliza yale ambayo nasi tungeuliza. Tunakubali kuachwa nyuma kwa sababu aliyetutangulia ni Bwana Msa kwa akili yake. Msimulizi hajatufunga macho.

Lakini kwangu mimi, fundi mkuu wa kazi hii ya kuamua nani ajue kwanza ni Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021. Chukua Paradise ya 1994, ambayo sasa tunaisoma kwa Kiswahili kama Peponi katika tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Yusuf ana miaka 12. Hoteli ya baba yake inasuasua na nyumbani njaa inabisha hodi, ila akija tajiri Aziz hupikwa vinono, na mgeni akiaga humwachia mtoto sarafu. Yusuf humwita ami. Siku moja anaambiwa atasafiri naye, na anakwenda. Hakuna anayemwambia kwamba amewekwa rehani kwa deni la baba yake. Atakuja kuambiwa na Khalil, kijana wa dukani aliyefika kwa Aziz kwa njia hiyohiyo.

Gurnah hakutuficha chochote. Tumeona yote aliyoyaona Yusuf, ila sisi ni watu wazima, na kabla mtoto hajaelewa tumeshaanza kuingiwa na hofu. Tunajua kabla yake na hatuwezi kumwonya. Mimi naona uchungu huo unamkaa msomaji kuliko mshtuko wowote wa ukurasa wa mwisho.

Katika By the Sea, riwaya yake ya 2001, mambo yamegeuzwa. Mzee Saleh Omar anatua uwanja wa ndege wa Gatwick kwa pasipoti yenye jina la mtu mwingine, akijifanya hajui Kiingereza. Ofisa wa uhamiaji anamsemesha na kumpekua, na mwishowe anamchukulia kasha lake la udi. Mzee anaelewa kila neno. Nasi tunaelewa, maana yeye ndiye anayetusimulia. Siri hiyo tumeshirikishwa mapema, na kwa kuwa ametuamini kwa hili, tunamvumilia anapochelewesha lile zito zaidi: kwa nini jina alilojipa ni Rajab Shaaban, na huyo Rajab Shaaban alimkosea nini, au alikosewa nini.

Anayelifahamu jina hilo ni Latif Mahmud, mwalimu wa chuo kikuu jijini London. Ni la baba yake. Wawili hao wanapokutana, kila mmoja ana kisa cha nyumba iliyopotea na meza ya mpingo iliyochukuliwa, na visa havilingani. Latif alikuwa mtoto wakati huo, na amekua akiamini kwamba Saleh Omar aliwadhulumu. Mzee ameyabeba yake kwa miaka mingi, ikiwemo ya kifungo. Hapa ucheleweshaji una mwenyewe: hautoki kwa mwandishi anayetuvuta shati, unatoka kwa mzee anayejua kwamba atakayoyasema yanamhusu baba, mama na kaka wa huyu aliyeketi mbele yake, ndiyo maana anayasema kidogokidogo.