Unajenga Tunduma na unataka meko ya gesi sebuleni? Anza na njia ya hewa

Tunduma. Ikifika Juni na Julai, baridi ya Songwe haina mjadala. Kuanzia Tunduma mpaka Vwawa, jua likizama kila mtu anatafuta koti, na wapo wanaoingiza jiko la mkaa sebuleni au hata chumbani ili wapate joto.

Hapo ndipo hatari inapoanza. Mkaa unaowaka kwenye chumba kilichofungwa hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Anayeivuta huumwa kichwa, hupata kizunguzungu na kichefuchefu. Ikimkuta usingizini, anaweza asiamke tena.

Kwa anayejenga nyumba mpya, meko ya kuotea moto ya gesi yanaonekana jibu zuri. Hakuna majivu, hakuna ukuta mweusi, unawasha na kuzima unavyotaka. Lakini gesi nayo ikiungua bila hewa ya kutosha hutoa sumu ileile. Kwa hiyo kabla ya kuchagua marumaru za kupambia, jiulize: hewa itaingilia wapi, na moshi utatokea wapi?

Amua nyumba ikiwa bado boma

Ukishapiga plasta na kufunga dari la jipsamu, kutindua ukuta ili kupitisha bomba ni kulipa fundi mara mbili. Mwambie mchoraji wa ramani mapema.

Sehemu rahisi ni ukuta wa nje, kwa sababu bomba la moshi linatoka moja kwa moja. Usijenge nafasi ya meko kwa kukadiria. Chagua kifaa kwanza, kisha fuata vipimo vya kitabu chake, hasa umbali kutoka kwenye mbao, mapazia na dari. Na ile televisheni unayotaka kuitundika juu ya meko? Joto linapanda, hivyo angalia kwanza kitabu kinaruhusu umbali gani.

Siyo meko yote ni sawa

Yapo ya aina tatu. Ya kwanza yamefungwa kwa kioo na yana bomba lenye njia mbili: moja huvuta hewa ya nje, nyingine hutoa moshi nje. Hayatumii hewa ya sebuleni, ndiyo salama zaidi kwa nyumba mpya.

Ya pili yako wazi mbele na moshi wake hupanda kwenye dohani. Haya yanahitaji matundu ya kuingizia hewa ambayo hayazibwi.

Ya tatu hayana bomba lolote. Ni rahisi kufunga, lakini kila kinachoungua kinabaki ndani mnamovuta pumzi. Nyumba za siku hizi zenye madirisha ya alminiamu na vioo hufunga hewa kuliko zile za zamani, hivyo aina hii ndiyo ya kuiogopa, hasa chumbani.

Gesi ya Songwe ni ya mtungi

Gesi asilia ya Songo Songo na Mnazi Bay hufika kwa bomba kwenye baadhi ya nyumba za Dar es Salaam, Lindi na Mtwara. Songwe watu wanatumia mitungi. Hizi ni gesi mbili tofauti, na matundu ya kutolea gesi kwenye kifaa hayafanani. Kifaa cha gesi asilia ukikiunga kwenye mtungi bila kubadilishwa, moto unakuwa mkubwa kupita kiasi. Kabla ya kulipa, soma kibandiko cha kifaa.

Jambo jingine ni mwinuko. Tunduma iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi. Muulize muuzaji kama kifaa kinahitaji kurekebishwa kwa mwinuko huo.

Mtungi ukae nje

Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi, inatambaa sakafuni na kutuama. Mtungi usimame wima nje, mbali na madirisha ya chini na mifereji, kwenye kibanda chenye matundu ya hewa upande wa chini. Bomba la chuma au shaba ndilo lipite ukutani, siyo mpira wa jiko la kupikia.

Piga hesabu ya matumizi

Mtungi wa kilo 15 una nishati ya takriban kilowati-saa 190. Meko ya kilowati 5 yakiwaka kwa nguvu yote, mtungi huo unaisha kwa saa 38 hivi. Ukiwasha saa nne kila jioni, ni kama siku tisa au kumi tu. Mtungi wa kilo 6 hautamaliza siku nne.

Kabla ya kuwasha mara ya kwanza

- Fundi apake povu la sabuni kwenye maungio yote. Povu likitoa mapovu, panavuja. Usijaribu kwa kiberiti.
- Moto uwe kama kitabu kinavyoonyesha. Masizi kwenye kioo ni dalili kuwa hewa haitoshi.
- Funga kengele ya kaboni monoksidi.
- Ukisikia harufu ya gesi, usiwashe wala kuzima taa. Funga mtungi, fungua milango, tokeni nje, kisha pigeni 114 ya Zimamoto.

Kama bajeti haitoshi kwa bomba la moshi, usikimbilie meko yasiyo na bomba. Acha nafasi ukutani, ziba mianya ya milango, na tumia hita ya umeme mpaka hela ipatikane. Jiko la mkaa libaki nje.