Yaliyomo na Onyesho: Kazi ya XML katika Masomo ya Kompyuta

Mwanafunzi atazamapo picha ya heroe kwenye kioo cha kompyuta na kusikia mlio wake, huona kitu kimoja. Mtungaji wa somo hilo hana budi kuona viwili: yaliyomo, yaani jina, picha na mlio; na onyesho, yaani mahali picha inapokaa na namna inavyotokea. Kuvichanganya viwili hivi kuna gharama.

Kwa miaka mingi masomo ya namna hii yalitungwa kwa programu za Director na Flash. Mtungaji aliyeandika majina ya ndege ndani ya onyesho lenyewe alilazimika kufungua kazi nzima ili aongeze ndege mmoja tu. Lakini programu hizo ziliweza pia kusoma faili la nje lililoandikwa kwa XML, kanuni ya kupanga data iliyoidhinishwa na shirika la W3C mwezi Februari 1998. Faili hilo ni maandishi matupu:

<ndege>
  <jina>Heroe</jina>
  <picha>heroe.jpg</picha>
  <mlio>heroe.mp3</mlio>
</ndege>

Kila alama ifunguliwayo sharti ifungwe, na ya ndani ifungwe kabla ya ile ya nje. Kompyuta ikiisha kusoma hujenga ukoo: ndege ni mzazi, jina, picha na mlio ni watoto wake. Programu huomba tu mtoto wa kwanza, wa pili au wa tatu.

Hapo palikuwa na mtego. Flash, isipoelekezwa vingine, ilihesabu hata nafasi tupu kati ya alama kuwa mtoto. Mtungaji nadhifu, aliyeipa kila alama mstari wake kama hapo juu, aliomba mtoto wa kwanza akapewa utupu. Mwenzake aliyebananisha yote katika mstari mmoja akapata jina. Unadhifu ukawa hasara! Dawa ilikuwa kuiamuru programu ipuuze nafasi hizo.

Mwaka 2017 kampuni ya Adobe iliacha kuuza Director, na mwishoni mwa 2020 ikaacha kuitunza Flash Player. Kazi nyingi za zamani sasa hazifunguki bila programu maalumu za kuiga zile zilizokufa. Faili la heroe, kinyume chake, hufunguka kwa programu yoyote ya kuandikia, na vivinjari vya intaneti bado vyaweza kulisoma. Mpangilio na mwendo wa picha sharti vitungwe upya. Majina ya ndege hayana haja ya kuandikwa tena.